Monsuni, msimu na masika: jina la upepo au la mvua?

Swali: Mwanangu, anayesoma darasa la sita hapa Wete, aliandika katika insha yake kwamba "monsuni ilinyesha wiki nzima", na mwalimu akalikata neno hilo kwa wino mwekundu. Mbona katika taarifa ya habari husemwa kuwa monsuni imenyesha India? Na je, Kiswahili hakina neno lake?

Jibu: Mwalimu amesahihisha vyema, ingawa huyo msomaji wa habari naye hakukosea sana, kwa sababu anazungumzia nchi nyingine.

Tuanze na neno lenyewe. Monsuni limetufikia kupitia Kiingereza, kilicholipata kwa Wareno, nao Wareno walilichukua katika Kiarabu, ambamo mausim ni wakati maalumu wa jambo. Mausim hilohilo ndilo lililotupatia msimu. Ni neno moja, basi, lililoingia bandarini mara mbili, na ndiyo maana mimi hupendelea upepo wa msimu, au pepo za msimu zinapokuwa nyingi (na hapo nawaomba radhi wanaosikia pepo wakafikiria mashetani).

Kwetu visiwani pepo hizo ni mbili na kila moja ina jina lake: kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Disemba hadi Machi, na kusi, inayoshika kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba hivi. Methali ya zamani husema "Kaskazi mja naswi, kusi mja na mtama", swi wakiwa ni samaki. Angalia kwamba hakuna hata moja kati yake iliyotajwa kuwa inakuja na mvua. Mvua zetu kubwa hunyesha pepo zinapopokezana, yaani wakati wa tanga mbili, ambapo ukanda zinapokutana pepo za pande mbili za ikweta hupita juu yetu ukilifuata jua: ukielekea kaskazini tunapata masika, ambayo wengine huyaita mvua za mwaka, na ukirudi kusini tunapata vuli.

India mambo ni tofauti. Kusi hiyohiyo inayopita kwetu ikiambaa na pwani, kwa hiyo ikituachia mvua kidogo tu, huvuka ikweta, hupindishwa kuelekea kulia na mzunguko wa dunia, kisha huingia India kutoka kusini-magharibi ikiwa imebeba unyevu wa bahari nzima. Ikigonga milima ya Ghat ya Magharibi hulazimika kupanda, ikapoa na kumwaga maji. Kerala, jimbo la kusini mwa India, huanza kulowa karibu na tarehe 1 Juni, na takriban robo tatu ya mvua ya mwaka mzima ya nchi hiyo hunyesha kati ya Juni na Septemba. Upepo na mvua vikishafuatana namna hiyo, si ajabu jina la kimoja likabebeshwa kingine.

Kwetu, mazao yenyewe yanatufundisha kutochanganya. Karafuu za Pemba huanza kuchumwa na kuanikwa wakati wa kusi, na wingu la mapema linapowafanya watu wakimbilie kukunja majamvi, utasikia "vuli imetuwahi", wala hutasikia "kaskazi imetuwahi". Tena vuli ndiyo yenye kigeugeu zaidi. Bahari ya Hindi upande wetu ikipata joto kuliko upande wa Indonesia, hunyesha kupita kiasi, kama ilivyokuwa mwaka 1997 na 2019. Joto likihamia huko, vuli hupungua au hukosekana kabisa.

Limebaki suala la upatanisho, ambalo naona linawatatiza hata watu wazima. Kusi, kaskazi na vuli huchukua i-: kusi inavuma, vuli imenyesha. Masika huchukua ya-: masika yameanza. Kwa hiyo, kama mwanao aliiandika insha yake Aprili, aandike "masika yalinyesha wiki nzima". Kama ni Novemba, "vuli ilinyesha wiki nzima".