Natafuta Karafuu za Pemba, Naletewa Msumbiji

SWALI: Assalamu alaikum, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nimetokea Wete na sasa nasoma chuo huku Unguja. Tumepewa kazi ya kuandika juu ya karafuu za Pemba. Nikitafuta «Pemba» katika Google naletewa habari za Msumbiji. Nikiandika swali langu zima katika katalogi ya maktaba naambiwa hakuna kitu. Na makala nzuri nikizipata, zinataka dola. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaikumu salaam, mwanangu. Pemba ni pia jina la mji mkuu wa jimbo la Cabo Delgado huko Msumbiji, ndiyo maana unachanganyiwa. Andika Pemba pamoja na Zanzibar, kisha neno Mozambique likiwa na alama ya kutoa mbele yake bila ya nafasi, na kurasa nyingi za huko zitaondoka.

Katalogi ina tabia nyingine kabisa. Kwa kawaida haisomi yaliyomo ndani ya kitabu, bali inajua jina la kitabu, mwandishi na mada alizozipanga mkutubi, kwa hiyo sentensi nzima haina cha kukutana nacho. Jaribu neno moja au mawili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, halafu jaribu jina la kitaalamu la mkarafuu, Syzygium aromaticum. Maandishi ya zamani huuita Eugenia caryophyllata, na asiyelijua jina hilo huyakosa. Ukipata kitabu kimoja kinachofaa, bonyeza mada yake katika katalogi, kisha nenda mwenyewe rafuni ukatazame vilivyo jirani nacho, maana vitabu hupangwa kwa mada. Wanafunzi wengi hawafiki hata rafuni, jambo ambalo mimi sijalielewa mpaka leo.

Ama dola, usitoe hata moja kabla ya kumuuliza mkutubi iwapo chuo chenu kimejiunga na Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi kama yetu majarida ya kulipia. Katika Google Scholar, yaani Google ya kutafutia makala za kitaaluma, fungua pia orodha ya nakala nyingine iliyo chini ya makala, kwani mara nyingi mojawapo ni ya bure.

Kupata makala si kuiamini. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ndipo kisiwa chenu kilipoongoza kwa zao hilo. Basi ukikuta takwimu za «karafuu za Zanzibar» zisizotaja ni za kisiwa kipi, mwaka gani, wala nani aliyezikusanya, usizitie katika kazi yako, hata kama ukurasa huo umetokea wa kwanza. Kwa nyaraka za serikali za zama za ukoloni, nyingi hazimo mtandaoni. Ziulizie Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, Unguja, ila kabla ya kwenda ulizia utaratibu wa kibali.