Chemba umeiweka juu ya nini?

Msomaji mmoja wa Njombe ametutumia vipimo vya gesijoto kutoka shamba la mahindi lililokuziwa kwa yurea. Anauliza kwa nini namba zake zimepita makadirio mara kadhaa. Jibu liko kwenye picha aliyoambatanisha: vitako vyote vinne vya chemba vimekaa juu ya mstari wa mahindi, pale pale mbolea ilipofukiwa. (Chemba ni boksi la kunasa gesi itokayo udongoni; kitako ni fremu yake inayozamishwa ardhini.)

Makadirio yenyewe ni haya. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Kigezo cha jumla cha IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, kinasema asilimia 1 yake hutoka udongoni kama naitrasi oksaidi, gesijoto tunayoipima hapa. Zidisha kwa 44/28 ili kugeuza uzito wa nitrojeni kuwa uzito wa gesi, unapata kilo 0.36 za gesi. Zidisha tena kwa 273, maana kilo moja ya gesi hii hupasha joto kama kilo 273 za kaboni dayoksaidi, ni sawa na kilo 99 hivi za kaboni dayoksaidi.

Sasa, anayefukia mbolea kwa kizibo cha soda kwenye kila shina hajaimwaga shamba zima. Mistari ikiachana sentimita 75, na ukanda wenye mbolea ukiwa na upana wa 15, ukanda huo ni moja ya tano tu ya shamba. Weka vitako kwenye mstari, weka na katikati ya mistari, kisha chukua 0.2 ya kipimo cha kwanza na 0.8 ya cha pili. Tuseme mstarini ni mikrogramu 150 kwa mita ya mraba kwa saa, katikati 10: shamba linatoa 38. Wastani wa haraka haraka ungekupa 80, na vitako vya msomaji wetu vingesema 150!

Kitako kizamishe sentimita 5 hadi 10, angalau siku moja kabla, maana kukigongomea hukata mizizi na kutibua udongo. Pima kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Funika, kisha vuta hewa ya ndani ya chemba kwa bomba la sindano dakika ya 0, 10, 20 na 30. Ya dakika 0 isipokaribia 0.34 ppm (sehemu kwa milioni), kiwango cha hewa ya kawaida, shuku chupa ya sampuli. Gesi ikipanda kisha ikashuka, shuku mpira wa kifuniko.

Kupima kila Jumatatu ni uvivu uliovaa ratiba. Gesi hutoka kwa wingi ghafla mvua inapokuta mbolea, kwa hiyo pima kila siku kwa wiki nzima baada ya hapo, ndipo ulegeze.

Na kwenye hesabu ya kugeuza ppm kuwa uzito wa gesi, usitumie shinikizo la hewa la pwani. Mita 1,900 juu ya bahari ni kama kilopaskali 80, si 101. Ukisahau, jibu linavimba kwa robo.

Kingine kilichokosekana pichani ni kipande kisichowekwa mbolea. Udongo hutoa gesi hii hata bila yurea, na hiyo lazima uitoe kwanza kabla ya kugawanya kwa kilo za nitrojeni ulizoweka ili kulinganisha na ile asilimia 1.