Jibu: 1:48 kwa nyumba ndogo ya kisasa

Mkuu, umeuliza kama skeli ya 1:48, yaani kila kipimo cha nyumba halisi kinapunguzwa mara 48, inafaa kwa kanyumba ka mfano ka kuweka kwenye rafu, kenye paa la kuficha (lililo nyuma ya ukuta mfupi wa juu) kama nyumba hizi zinazojengwa Iyumbu hapa Dodoma, na ukuta utumie nini. Inafaa. Ila kama ni ya mtoto kuchezea nenda 1:12, maana viti vya 1:48 vitapotea mkekani siku hiyohiyo.

Uzuri wa 1:48 ni huu: ukuta wa tofali la inchi 6, yaani milimita 150, unakuwa kama milimita 3. Hiyo ni plaiwudi nyembamba ya milimita 3 moja kwa moja, na vipande vyake seremala wengi huvitupa. Chumba cha kimo cha mita 3 kinakuwa milimita 62 na nusu, mlango wa mita 2.1 karibu milimita 44. Gawanya kila kipimo kwa 48, usikadirie kwa jicho. Nyumba ya kisasa haina nakshi za kuficha makosa. Dirisha likienda upande kidogo tu, mgeni analiona.

Kata madirisha kabla hujaunganisha kuta. Vioo: plastiki angavu ya boksi la keki. Rangi paka pande zote mbili za plaiwudi, ukipaka mmoja inapinda, na kwa ukavu wa Dodoma haichelewi.

Paa usiligandishe, liwe la kunyanyua, la sivyo samani utaziingizia wapi? Ule ukuta mfupi wa juu utaficha ungio. Halafu tafuta boksi angavu la kufunikia, vumbi letu unalijua.