Historia ya China na Wachina wa ughaibuni: pa kuanzia bure

Dada, umeuliza pa kusoma historia ya China na ya Wachina waliohamia ng'ambo bila kulipia. Kwa maandishi ya kale, fungua tovuti ya Chinese Text Project. Wanafalsafa Confucius na Mencius wamo, Kichina na tafsiri ya Kiingereza bega kwa bega. Ni pazuri, ila kurasa zake zimejazana, utachoka macho.

Utamu hasa uko kwa wahamiaji. Maktaba na Hifadhi ya Taifa ya Kanada imeweka mtandaoni rejista za Wachina walioingia huko kuanzia 1885, wakati wa kodi ya kichwa, ambayo Mchina alitozwa kwa kuingia nchini. Kodi ilianza dola 50, ikawa 100 mwaka 1900, kisha 500 mwaka 1903. Mstari mmoja wa rejista unakupa jina, umri, alikozaliwa, kazi, bandari aliyoshukia na kodi aliyotozwa, hata makovu usoni! Utafiti mzima waweza kutoka hapo. Angalizo: makarani waliandika majina walivyoyasikia, tena kwa matamshi ya Kikantoni, lugha ya kusini mwa China. Ukikosa Chen, jaribu Chan. Ukikosa Huang, jaribu Wong.

Kwa Australia nenda Trove, hifadhi ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya huko, magazeti ya Wachina wa Sydney kama Tung Wah Times yapo, ingawa ni Kichina kitupu. Marekani, angalia mradi wa Chuo Kikuu cha Stanford kuhusu Wachina waliojenga reli ya kuvuka bara iliyokamilika 1869.

Mimi ningeanza na Kanada.