Dar hadi Mwanza kwa ndege

Ndugu uliyeuliza umbali wa Dar–Mwanza kwa ndege: ni kama kilomita 850 kwa mstari ulionyooka. Kwa barabara, kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, zinazidi 1,100.

Muda unategemea ndege. Ya jeti hufika kwa takriban saa moja na nusu, pamoja na kupaa na kutua. Ya mapangaboi, kama ATR, huenda polepole zaidi, kwa hiyo hesabu karibu saa mbili. Ila kabla ya kulipa, uliza kama inakwenda moja kwa moja. Ikipitia Kilimanjaro, safari inarefuka sana, na kama una mgonjwa wa kumwahisha hospitali ya Bugando, Mwanza, tafadhali usikate tiketi ya ndege hiyo.