Paka dume anachuchumaa, mkojo hautoki

SWALI: Daktari, hujambo? Nina paka dume wa miaka 4, amehasiwa, tunaishi Migosi hapa Kisumu. Tangu jana asubuhi anaingia kwenye karai la mchanga kila baada ya dakika chache, anachuchumaa, anajikamua, analia kwa sauti nzito ambayo sijawahi kuisikia, kisha anatoka bila kitu. Nilidhani amefunga choo, nikamnywesha kijiko cha mafuta ya kupikia. Mwezi uliopita alifanya hivi hivi, mtu wa agrovet akamdunga antibayotiki, akapona baada ya siku tatu. Anakula omena, ugali kidogo, na zile punje kavu za dukani. Naweza kumpa nusu ya Panadol nikiendelea kutafuta daktari?

JIBU: Sijambo, mama. Nilikupigia mara tu niliposoma ujumbe wako, na nashukuru kwamba mlifika kliniki usiku ule ule. Naliandika jibu hapa kwa ajili ya wengine, kwa sababu paka wengi wa namna hii wananifikia wakiwa wameshanyweshwa mafuta, na saa zilizopotea hazirudi.

Kwanza Panadol: usimpe. Si nusu, si robo. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli iliyomo ndani ya Panadol kama letu linavyofanya, na sumu inayobaki huharibu chembe nyekundu za damu hadi zikashindwa kubeba oksijeni. Ufizi hugeuka rangi ya udongo, uso na nyayo huvimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua paka mzima. Dawa zetu nyingine za maumivu, kama ibuprofeni na diklofenaki, nazo huharibu figo zake. Mafuta nayo, ukimnywesha kwa nguvu, yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Sasa ugonjwa wenyewe. Paka dume anayejikamua na mkojo hautoki, mchukulie kuwa mrija wake wa mkojo umeziba mpaka daktari akuthibitishie vinginevyo. Mrija wa dume ni mrefu na huwa mwembamba sana karibu na ncha. Ute ukishikamana na vichembe vya madini, hasa struviti, hufanyika kizibo, na kizibo kidogo kuliko punje ya mchele kinatosha. Jike mrija wake ni mfupi na mpana, ndiyo maana haya huwapata kwa nadra.

Weka kiganja chini ya tumbo, mbele kidogo ya miguu ya nyuma, uguse polepole. Kibofu chenye afya ni laini, mara nyingi hata hukisikii. Kilichoziba ni cha mviringo na kigumu kama limau, na paka atashtuka ukikigusa. Usikiminye kujaribu kutoa mkojo, kinaweza kupasuka. Na ukikosa kukisikia, usiseme basi ni salama, mpeleke tu.

Kinachoua ni damu kujaa potasiamu, kwa kuwa figo hazina pa kuitolea, na potasiamu hiyo hupunguza mapigo ya moyo hadi ukasimama. Hilo huweza kutokea ndani ya siku moja hadi mbili. Nakumbuka paka mmoja aliyeletwa kwa bodaboda kutoka upande wa Dunga, ndani ya katoni, siku ya pili ya kuziba. Alikuwa amelala kimya na masikio ya baridi. Moyo wa paka kliniki hupiga 160 hadi 220 kwa dakika. Wake nilihesabu 90. Tulianza na dripu na dawa ya kuulinda moyo, ndipo tukamlaza kwa dawa ya usingizi na kupitisha katheta, yaani mpira mwembamba unaoingizwa kwenye mrija wa mkojo hadi kibofuni. Kizibo kilipotoka, mkojo ulichuruzika kwenye beseni ukiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na chini kabisa kukatulia mchanga mweupe unaometa kama chumvi. Mwenye paka aliuchovya kidole akausugua, akanitazama tu.

Baada ya hapo paka hukaa kliniki siku mbili au tatu, katheta ikiwa ndani, kwa sababu akizibuliwa hukojoa kwa wingi mno na lazima maji yale yarudishwe. Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani, piga simu uulize: mna katheta ya paka? Mna dawa ya usingizi na dripu? Huku kwetu madaktari wengi wa mifugo kazi yao kubwa ni ng'ombe, na si kila mmoja huweka vifaa hivyo. Ni heri upite kliniki mbili ufike kwenye ya tatu iliyo tayari.

Kuhusu ile sindano ya mwezi uliopita: kwa paka wa umri wake bakteria ni nadra sana kwenye kibofu. Mara nyingi ni uvimbe unaoletwa na wasiwasi, kama vile kuhama nyumba, paka mgeni au mjengo wa jirani, nao hutulia wenyewe ndani ya wiki moja. Naamini ulitulia wenyewe, sindano ikapewa sifa.

Chakula chake nisingekitupa, ila ningekilowesha. Paka ametokana na paka mwitu wa nchi kame, kiu yake ni ndogo, na maji mengi huyapata ndani ya chakula. Omena iliyokaushwa na punje kavu hazimpi maji hayo, na mifupa ya omena ina fosforasi na magnesiamu, madini yale yale ya struviti. Basi omena iwe mara mbili tatu kwa wiki, uioshe mchanga, uichemshe bila chumvi wala kitunguu, umpe pamoja na supu yake. Siku nyingine mpe kuku au nyama iliyochemshwa. Punje zilowekwe kwa maji ya uvuguvugu. Ugali kuleni nyinyi.

Wiki za kwanza nyumbani ndizo za kuziba tena. Kila asubuhi pekua karai, uhesabu mabonge ya mchanga yaliyolowa. Ukikuta mchanga mkavu naye anachuchumaa, nipigie saa hiyo hiyo, hata kama ni saa tisa za usiku.