Anayelipwa kushauri awe na leseni

Ndugu, umeuliza kwa nini serikali iwabane wanaoshauri uwekezaji kwenye magrupu ya WhatsApp, wakati kila mtu ana akili zake.

Anayesema "mimi nimenunua hisa hizi, sababu ni hii" aachwe aongee. Ila anayetoza ada ya ushauri anafanya biashara, na hapa Tanzania sheria ya masoko ya mitaji ya 1994 inamtaka awe na leseni ya CMSA, yaani Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mwambie akuonyeshe.

Kumbuka DECI, ule mchezo wa upatu. Watu "walipanda mbegu" wakiahidiwa mavuno makubwa, hadi serikali ilipoingilia kati mwaka 2009. Utamwambiaje mtu achunguze kwanza, wakati anayemvuta ni ndugu au muumini mwenzake?

Jirani yangu aliuza cherehani zake mbili ili awekeze, kwa sababu ya ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Nimeusikiliza: haikutajwa kampuni, wala neno hasara. Kuuliza "pesa zikipotea je?" lilikuwa jukumu lake, hilo nakubali. Lakini aliyeutuma alikula kamisheni, na jana ametuma mwingine.